Curry and Chips, komedi ya kiwandani iliyozimwa baada ya sehemu sita: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila zinapotajwa komedi za zamani za Waingereza, hasa wakiwepo watu waliokua wakitazama Mind Your Language, ile ya darasa la wageni wanaojifunza Kiingereza, lazima mmoja aulize kama ni kweli kulikuwa na nyingine iliyopita mipaka mpaka ikazimwa. Ndiyo, ilikuwepo. Haya ni maswali yanayorudi mara kwa mara kuihusu. Mengine yanajibika kwa sentensi mbili, mengine yanahitaji maelezo marefu, kwa sababu habari za komedi hii huwezi kuzisimulia vizuri bila kupita Nairobi, Kampala na Tanzania.

Curry and Chips kilikuwa kipindi cha namna gani?

Komedi ya nusu saa iliyotengenezwa na London Weekend Television (LWT) na kurushwa na ITV ya Uingereza siku za Ijumaa, kuanzia tarehe 21 Novemba hadi 26 Desemba 1969. Sehemu sita tu, basi. ITV ilikuwa imeanza kurusha matangazo ya rangi siku chache kabla, na hii ikawa komedi ya kwanza ya LWT kutengenezwa kwa rangi. Ukizingatia mada yake, sadfa hiyo inachekesha kuliko vichekesho vyake vingi.

Mambo yanatokea kwenye kiwanda cha Lillicrap Ltd, kinachotengeneza vikorokoro vya bei rahisi vya kuwauzia watalii wa ufukweni. Siku moja anaingia mfanyakazi mpya, Kevin O'Grady. Jina lake ni la Kiayalandi na mwenyewe anashikilia kwamba ni Muayalandi, lakini rangi na lafudhi yake ni za Pakistan. Wenzake hawachelewi kumbandika jina la Paki-Paddy: tusi la Wapakistani na dharau kwa Waayalandi, vyote kwa pumzi moja. Kuanzia hapo vichekesho vyote vinachotwa kisima kimoja.

Nani aliiandika?

Johnny Speight, kutokana na wazo la Spike Milligan. Speight alizaliwa mwaka 1920 Canning Town, mashariki ya London, mtaa wa makuli wa bandarini na watu wa viwandani, kwa hiyo lugha ya kiwandani hakuwa anaisikia kwa mbali. Wakati huo alikuwa tayari na jina kubwa kwa sababu ya Till Death Us Do Part ya BBC, iliyomleta Alf Garnett, mzee wa Kizungu asiyefunga mdomo, anayewatukana weusi, Wayahudi, wanawake na yeyote aliye mbele yake. Wamarekani waliichukua komedi hiyo wakaifanya All in the Family mwaka 1971. Kwa maneno mengine, LWT hawakumwajiri mtu asiyejulikana ataandika nini.

Na waigizaji?

Milligan ndiye Kevin. Eric Sykes ni Arthur, msimamizi wa kiwanda, mtu mwenye moyo mzuri anayejaribu kumkingia kifua. Norman Rossington ni mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kenny Lynch, mwimbaji mweusi mzaliwa wa London, ni mmoja wa wafanyakazi. Wamo pia Sam Kydd na Geoffrey Hughes, yule ambaye baadaye alipendwa sana kama Onslow wa Keeping Up Appearances, fulana ya ndani na bia mkononi.

Timu ilikuwa nzito. Milligan na Sykes walifahamiana tangu enzi za The Goon Show kwenye redio ya BBC, kipindi kilichobadilisha ucheshi wa Waingereza katika miaka ya 1950. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema komedi hii ilishindwa kwa kukosa vipaji, hiyo sababu iweke kando.

Ni kweli Milligan, Mzungu, alijipaka rangi usoni?

Kweli, na kwa sehemu zote sita. Wala hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. BBC ilikuwa na The Black and White Minstrel Show, Wazungu waliojipaka masizi wakiimba na kucheza, na ilidumu hewani kuanzia 1958 hadi 1978. Miaka 20! Mwaka 1974 ilikuja It Ain't Half Hot Mum, ambamo Michael Bates, Mzungu mzaliwa wa India, aliigiza Mhindi.

Milligan naye alizaliwa India, mjini Ahmednagar, mwaka 1918. Baba yake alikuwa Muayalandi kwenye jeshi la Waingereza, na kijana alikulia India na Burma kabla ya familia kuhamia London katika miaka ya 1930. Katika miaka ya 1960 alichukua uraia wa Ireland. Muayalandi aliyezaliwa Asia ya Kusini: ndiye Kevin O'Grady kabisa, ukiondoa rangi. Watetezi wake hulitaja jambo hili kama ushahidi kwamba alikuwa akijicheka mwenyewe. Mimi nalikubali nusu. Alikuwa na haki ya kusimulia habari za mtu asiyejulikana awekwe wapi. Hiyo ndiyo ingekuwa komedi nzuri, na angeweza kuicheza kwa uso wake mwenyewe. Alichofanya ni kuazima uso wa mtu mwingine, mtu ambaye akitoka studio hawezi kuunawa kwa sabuni akapanda basi la kurudi nyumbani bila kusumbuliwa.

Kwa nini ilikuja mwaka 1969? Waasia walikuwa Uingereza tangu zamani.

Hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, Waasia waliokuwa nchini walipewa miaka miwili kuomba uraia wa Kenya. Wengi hawakuomba, wakabaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria mpya za uhamiaji na za leseni za biashara: asiye raia sasa alihitaji kibali cha kazi, na kuna maeneo na bidhaa ambazo hakuruhusiwa tena kufanyia biashara. Fundi seremala, karani wa reli, mwenye duka la vitambaa, wote wakaanza kupiga hesabu. Ndege za kutoka Embakasi kwenda London zikajaa.

London ikashikwa na kiwewe. Waziri wa Mambo ya Ndani, James Callaghan, alipeleka Bungeni muswada uliopitishwa kwa siku tatu, na tarehe 1 Machi 1968 ukawa sheria. Kwa sheria hiyo pasipoti ya Uingereza peke yake haikutosha. Ilibidi uwe na mzazi au babu mwenye asili ya Uingereza yenyewe. Mzungu wa Nakuru alikuwa na babu wa namna hiyo. Mhindi wa Ngara hakuwa naye. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba katika kesi kadhaa za Waasia wa Afrika Mashariki kuwafungia mlango kwa sababu ya rangi kulikuwa ni kuwadhalilisha.

Wiki chache baada ya sheria hiyo, tarehe 20 Aprili 1968, mbunge Enoch Powell alitoa hotuba yake mbaya mjini Birmingham dhidi ya wahamiaji. Aliondolewa kwenye uongozi wa chama chake, lakini siku tatu baadaye makuli wa bandari ya London waliacha kazi wakaandamana hadi Bungeni kumuunga mkono. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikaanza kutumika sheria nyingine, iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi kwenye ajira na nyumba. Mwaka mmoja baadaye Kevin O'Grady anaingia Lillicrap kuomba kazi. Watu waliokaa sebuleni Ijumaa ile hawakuwa wakitazama jambo la kubuni. Walikuwa wakitazama gazeti la asubuhi likiwa limevishwa kofia ya vichekesho.

Nani aliizima, na kwa sababu gani?

Independent Television Authority (ITA), chombo kilichosimamia stesheni zote za ITV. Baada ya malalamiko ya watazamaji, iliamuru kipindi kisiendelee, na LWT hawakuwa na la kufanya: ITA ndiyo iliyokuwa ikigawa leseni.

Malalamiko yenyewe hayakuwa ya aina moja, na hapa watu wengi wa siku hizi hushangaa. Wapo waliochukizwa na matusi ya rangi. Wapo waliochukizwa na matusi ya kawaida, ile lugha ya kiwandani iliyorudiwarudiwa kila dakika. Kwa Muingereza mwenye heshima zake wa mwaka 1969, neno chafu mbele ya watoto lilikuwa kosa kubwa kama kumtukana Mpakistani, pengine kubwa zaidi.

Lakini si ilikuwa tashtiti? Speight alikuwa anawacheka wabaguzi, si Wapakistani.

Ndiyo hoja aliyoshikilia maisha yake yote, kwa Alf Garnett na kwa komedi hii. Mbaguzi mpe mdomo, mwache ajianike ujinga wake, watazamaji watamcheka. Sidhani kama alikuwa anadanganya.

Tatizo ni kwamba mcheshi hachagui anachekwa kwa sababu gani. Mwaka 1974 watafiti Neil Vidmar na Milton Rokeach waliwauliza watazamaji wa Marekani na Kanada kuhusu Archie Bunker, yule Alf Garnett wa Kimarekani. Wasio na chuki waliona komedi inamdhihaki Archie. Wenye chuki walimwona Archie ni mtu mkweli anayesema yaliyo moyoni, na kwenye ubishi ndiye anayeshinda. Kipindi kimoja, sebule mbili, maana mbili.

Curry and Chips ilikuwa na kasoro ya ziada. Alf Garnett angalau alikuwa na binti na mkwe waliomjibu kila sekunde. Kiwandani Lillicrap anayejibu ni Arthur, na Arthur ni mpole. Kevin mwenyewe anapokuwa na la kusema, kicheko kinatokana na lafudhi, siyo na hoja. Sikiliza kicheko cha watu waliokaa studio (kilirekodiwa mbele ya watazamaji) ujiulize wanacheka ujinga wa mtukanaji au tusi lenyewe limewafurahisha. Mara nyingi jibu ni la pili.

Kulikuwa na mtu mweusi ndani yake. Hilo halisaidii?

Kenny Lynch ndiye kitu cha kuvutia zaidi kwenye kipindi hiki, nakubali. Mhusika wake ni Muingereza mweusi mwenye lafudhi ya London, na anamdharau Mpakistani sawasawa na Wazungu wanavyomdharau. Speight aliona jambo la kweli hapo: ubaguzi kiwandani hautembei kwa mstari mmoja, na aliyetukanwa jana anaweza kufurahi leo kumpata wa kumtukana. Komedi chache za wakati ule zilithubutu kugusa hilo.

Lakini liliguswa likaachwa. Mwandishi, mwenye wazo na mwigizaji mkuu, wote walikuwa Wazungu. Kila mtu mle ndani ana neno la kusema kuhusu Wapakistani, na Mpakistani hayumo.

Kwani hali ya viwandani ilikuwa hivyo kweli?

Ilikuwa ngumu zaidi, na yenye akili zaidi.

Chukua Leicester. Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda mwaka 1972 kwa notisi ya siku 90, halmashauri ya mji huo ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus la Kampala kuwasihi wasije. Walikuja. Wengi wakaishia kwenye viwanda, kimojawapo Imperial Typewriters, kiwanda cha mashine za kuchapia. Mwezi Mei 1974 wafanyakazi wa Kiasia waligundua kwamba kumbe bonasi ilitakiwa kuanza kuhesabiwa mtu akifikisha mashine 168, ilhali wao walikuwa wakidaiwa 200. Wakagoma. Maofisa wa chama cha wafanyakazi pale mjini wakakataa kuwaunga mkono, eti hawakufuata utaratibu. Sasa mrudie yule mwakilishi wa chama aliyeigizwa na Rossington: hapo Speight hakutia chumvi.

Halafu Grunwick, kiwanda cha kusafisha picha huko Willesden, kaskazini-magharibi ya London. Huko ukitaka kwenda chooni ilibidi uombe ruhusa, na ovataimu haikuwa hiari. Agosti 1976 Jayaben Desai, mama mzaliwa wa Gujarat aliyewahi kuishi Tanzania baada ya kuolewa, aliambiwa abaki kazini wakati anajiandaa kuondoka. Aligoma akatoka na mwanawe. Kabla hajatoka alimwambia meneja kwamba anachokiendesha si kiwanda, ni bustani ya wanyama. Na kwenye bustani ya wanyama kuna nyani watakaokuchezea kwenye ncha za vidole, na kuna simba wanaoweza kukung'oa kichwa. Sisi, akasema, ndio hao simba, bwana meneja.

Weka maneno hayo kando ya miswada yote sita ya Curry and Chips. Ya nani ni kali zaidi, na ya nani yanachekesha zaidi? Mama wa sari, mfupi wa kimo, anamjibu bosi wake kwa Kiingereza chake mwenyewe. Huyo ndiye mhusika ambaye komedi ya kiwandani ya Waingereza ilimhitaji na haikumwona, ingawa watu kama yeye walikuwa wakishuka uwanja wa ndege mwaka uleule kipindi kinarekodiwa.

Mgomo wa Grunwick ulikwenda karibu miaka miwili na wagomaji wakashindwa. Kazi zao hawakuzipata tena. Lakini mwaka 1977 kati ya maelfu waliofika kuwaunga mkono walikuwamo makuli wa bandari ya London, watu wa kundi lilelile lililoandamana kwa ajili ya Powell miaka tisa nyuma.

Tofauti yake na Mind Your Language ni nini?

Zote za LWT. Mind Your Language ilianza mwaka 1977, ikauzwa nchi nyingi, na Wakenya waliokuwa na televisheni zama za stesheni moja hawahitaji kusimuliwa. Nayo ilijaa Wahindi wa kutikisa kichwa na Wajapani wa kuinama, na mkuu wa vipindi wa LWT, Michael Grade, aliisimamisha akiona inaendeleza dhana potofu.

Tofauti kubwa ni kwamba wanafunzi wa Kiasia mle darasani waliigizwa na Waasia wenyewe. Albert Moses, aliyekuwa Ranjeet Singh, alizaliwa Sri Lanka. Dino Shafeek, aliyekuwa Ali Nadim, alizaliwa Dhaka. Nafasi zilikuwa finyu, lakini mtu hodari huweza kupenyeza ubinadamu kwenye nafasi finyu. Ndiyo maana watu bado wanampenda Ali. Sijakutana na mtu anayempenda Kevin O'Grady.

Milligan alijifunza chochote?

Haielekei. Mwaka 1975 alirudi BBC na The Melting Pot, akijipaka rangi tena, safari hii yeye na John Bird wakiwa Wapakistani wawili walioingia Uingereza kwa magendo. Ilirushwa sehemu ya majaribio tu. Nyingine zilirekodiwa zikaishia kabatini.

Sisi tuna mdomo wa kuwasema? Mbona wachekeshaji wetu wanaiga Wahindi?

Swali zuri, na huulizwa kwa hasira kidogo. Ni kweli: tunao wachekeshaji Waafrika wanaomwigiza "Muhindi" mwenye duka, "veve iko leta maneno mingi", na ukumbi unavunjika mbavu. Kenya nako lafudhi za makabila ni mtaji wa mcheshi tangu zamani.

Utetezi wa kawaida ni kwamba kwetu Mhindi ndiye tajiri, kwa hiyo mnyonge anamcheka mwenye nguvu. Kuna ukweli hapo, lakini huo mwenyewe ndio uliokuwa mtazamo wa mtaani Nairobi mwaka 1967 na Kampala mwaka 1972, na karani wa reli asiye na duka lolote aliondoka kwa ndege ileile. Kipimo ninachotumia mimi: toa lafudhi, uone kama kichekesho kimebaki. Kikibaki, kipo. Kisipobaki, tusijifanye tumemzidi Speight.

Nitaipata wapi kuitazama?

Sehemu zote sita zipo, tofauti na komedi nyingi za wakati ule ambazo kanda zake zilifutwa. Iliwahi kutolewa kwa DVD nchini Uingereza. Usiitarajie kwenye televisheni. Ukiipata, usiitazame yote kwa mkupuo. Sehemu mbili zinatosha kujua habari, nyingine ni marudio.

Kuna komedi ya kazini kuhusu rangi ambayo unaipendekeza?

Desmond's, ya Channel 4, iliyodumu kuanzia 1989 hadi 1994. Kinyozi huko Peckham, kusini ya London, mwenye duka ni mhamiaji kutoka Guyana aliyeigizwa na Norman Beaton, naye Beaton alizaliwa hukohuko Guyana. Mwandishi Trix Worrell ni mzaliwa wa Saint Lucia. Hakuna anayelazimika kueleza kwa nini yupo Uingereza. Wanabishana kuhusu kodi ya pango, watoto, na nani ananyoa vibaya. Kuna Mgambia mmoja, Matthew, mwanafunzi asiyemaliza shule miaka nenda rudi, ambaye kwa kila jambo ana methali ya Kiafrika ambayo hakuna aliyeiomba, na rafiki zake Wakaribi humzomea kabla hajaifikisha nusu. Aliigizwa na Gyearbuor Asante, Mghana. Anza na huyo.